Mbuzi wa Akika

Ndugu zangu, mkiniona natazama sakafu, niacheni hivyo hivyo. Ninaona haya.

Nilibatizwa Bagamoyo, nikaitwa Filipo. Lakini miaka ile ya vita nilihamia Mkange kutafuta maisha, na huko hawakumjua Filipo. Walimjua Salum, mchinjaji. Mnajua wenyewe kwamba nyama aliyochinja Mkristo, majirani zetu Waislamu hawali. Basi nikavaa kofia, nikawa namwelekeza mbuzi kibla na kusoma Bismillahi kama niliyezaliwa nayo. Rozari niliificha kwenye kikapu cha mchele.

Nawaambia kweli, sikuona uchungu wowote. Nilijiona mjanja.

Nilikuwa na jirani mpole, aliyenipenda kama ndugu wa tumbo moja. Nilipougua homa, mkewe ndiye aliyenipikia uji. Mungu akawajalia mtoto baada ya kuzika watatu. Siku ya saba yule bwana akanijia. "Bwana Salum, mbuzi wa akika ya mwanangu nani amchinje kama si wewe?"

Ningeweza kusema mkono unaniuma. Sikusema, nikachinja. Kisha akanipakatisha mtoto. "Muombee dua, Mungu aniachie huyu." Watu wakainua mikono, wakaningoja.

Ndugu zangu, nilikosa pa kuanzia. Nikimtaja Yesu, nimejifichua. Nikiomba vingine, nimemkana. Nikachezesha midomo mitupu, nikasema amina. Mtu ananikabidhi uhai wa mwanawe, nami nampa hewa.

Usingizi ulinipaa. Wiki ile ile nilitembea mpaka Bagamoyo, nikapiga magoti kwa padri. Nilidhani nitapewa sala za kusema, nirudi zangu. Padri akasema, "Mungu anasamehe. Lakini jirani yako bado anadanganywa. Nenda ukamwambie."

"Baba, watanifukuza."

"Huenda," akasema.

Kwaresima nzima nilipiga chenga. Kila nikimwona yule bwana, napita njia ya nyuma. Juma Kuu ndipo nilipomkuta barazani na mtoto mapajani. Nikavua kofia, nikamweleza yote. Hakunitukana. Aliuliza jambo moja tu.

"Na ile dua?"

"Sikuomba kitu."

Akaingia ndani na mtoto, akafunga mlango.

Nilianza kufunga mizigo. Siku ya tatu yake alichinja mbuzi mwingine, safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Jioni akaja kwangu na bakuli la mchuzi, mkewe nyuma amembeba mtoto.

"Kula, Filipo," akasema. "Mbuzi huyu hana shaka. Ukimaliza, muombee mwanangu kwa dini yako. Lakini uombe kweli."

Nilikula huku nalia, kisha nikaomba.

Namshukuru padri aliyekataa kunirahisishia. Namshukuru mama yule wa uji, na mumewe, ambaye jina lake silitaji kwa kuwa nimeshamwaibisha vya kutosha. Kisu sikukishika tena, sasa nalima mihogo. Nanyi mnaonisikiliza, msifanye nilivyotaka kufanya mimi, kupatana na Mungu kwa siri ili jirani asijue ulichomtendea. Mungu atakurudisha kwenye mlango wa mtu yule yule, na utakwenda kwa miguu yako.

Mtoto ameshakuwa mkubwa. Kila asubuhi hunipa shikamoo, nami naona haya kuipokea. Naipokea, kisha namwombea.