Maisha ya Kaka Yetu Mjomba Sindano, Mpima Lithiamu

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, nimesimama kusoma maisha ya marehemu kaka yangu, mimi nikiwa mdogo wake wa pekee, niliyeishi naye nyumba moja na kumpikia kwa miaka kumi na minne. Karatasi hii iliandikwa kwanza na baba yetu mdogo, ambaye mwishoni aliweka mstari kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi, na kwa heshima zote nimeufuta mstari huo, kwa sababu nitakayoieleza nikifika mahali pake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa kwanza wa baba yetu fundi bomba, aliyekwisha kututangulia, na wa mama yetu tuliye naye hapa. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, sekondari hadi 1990, na mwaka 1991 akaingia chuo cha maabara, ambako aliosha upya hata vyombo vilivyooshwa na mwalimu, jambo lililompatia alama nyingi na marafiki wachache.

Mwezi Agosti 1993, mtihani wa mwisho ukikaribia, hakulala kwa siku tisa, akazungumza bila kituo, na tarehe 21 akang'oa milango yote ya nyumba yetu na kuipanga uani, akitueleza kwa furaha kubwa kwamba watu wa familia moja hawana haja ya kufungiana. Siku ya kwanza tulicheka, siku ya pili tukamwogopa, siku ya tatu tukamfunga kamba, na hilo nalisema kwa aibu. Baada ya hapo alianguka, akalala miezi mingi akiutazama ukuta, na kila mwenye mdomo alikuwa na mganga wake wa kutuelekeza, hadi Februari 1994 daktari wa hospitali kuu alipotuambia kwamba huo ni ugonjwa wa bipola, unaompandisha mtu kupita kiasi na kumshusha kupita kiasi, akamwanzishia vidonge vya lithiamu.

Alimaliza chuo mwaka 1995, na tarehe 2 Januari 1996 akaajiriwa katika maabara ya hospitali hiyohiyo, chumba cha chini chenye dirisha moja na jokofu linalonguruma, ambako watoto wa wodini walimwita Mjomba Sindano, jina lililomfuata hadi mtaani. Alifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1999 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja mwaka 2001. Mwaka 2004, akijiona mzima, aliacha dawa bila kumwambia mtu, na ndani ya wiki saba ugonjwa ulirudi kwa kishindo, hata wifi yangu akamchukua mtoto na kuondoka. Wifi, uko hapa leo, na ninataka watu wajue kwamba hakuna siku ambayo marehemu alikulaumu. Alirudi kwetu mwaka 2005, na tangu hapo hakuruka kidonge, maana kila asubuhi nilimsimamia na kumwuliza kama amemeza, naye akinijibu kwamba hata askari wa gereza huenda likizo.

Mwaka 2009 hospitali ilianzisha utafiti wa kulinganisha lithiamu na dawa nyingine mbili, kujua ipi inamweka mgonjwa wa bipola salama kwa miaka mingi, na daktari kiongozi alihitaji mtu wa kupima kiasi cha lithiamu katika damu, kwa kuwa ikipungua haifanyi kazi, na ikizidi kidogo inageuka sumu. Kaka yangu, aliyeuficha ugonjwa wake kazini kwa miaka kumi na mitatu, alisimama kikaoni akasema kwamba dawa hiyo anaijua kwa ndani. Damu za wagonjwa mia mbili na kumi na wawili zilipita mikononi mwake, na kipimo cha mtu kikipanda alimpigia simu mwenyewe, akianza kwa kumwuliza kama nyumbani wamepunguza chumvi, kwa sababu mwili uliopungukiwa chumvi huishikilia lithiamu na kuirundika. Hilo mimi sikulijua, nimeelezwa wiki hii.

Tarehe 8 Aprili mwaka huu wa 2019 mama alikutwa na shinikizo la damu, nesi akaniagiza nipunguze chumvi. Mama yetu mnamjua, mboga chapwa huisukuma kana kwamba imemtukana, basi nikaipunguza kidogo kidogo hadi nikaiacha kabisa, nikazidisha ndimu na pilipili, na kwa kuwa siri ya watu wawili si siri, sikumwambia yeyote, ingawa chungu chetu ni kimoja. Marehemu alilalamika mara moja tu, akasema ama nimegombana na mwenye duka ama ulimi wake umeharibika, kisha akajijibu kwamba ni ulimi, maana lithiamu hubadili ladha, na malalamiko kama hayo alikuwa akiyaandika kwenye fomu za wagonjwa miaka yote.

Alhamisi tarehe 9 Mei alianza kuharisha na kutapika, mikono ikamtetemeka, tukadhani ni tumbo tu, nikampa maji na uji usio na chumvi, na alipotapika vidonge nilimpa vingine, nikakaa naye hadi vikatulia. Jumatano tarehe 15 hakulijua tena jina langu. Kipimo chake, kilichofanywa na mwenzake wa zamu katika chumba kilekile, kilikuwa tatu nukta nane, na ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe, imebandikwa karatasi kwamba kisizidi moja nukta mbili. Figo zilishindwa, akasafishwa damu mara tatu, na tarehe 22 Mei, saa nne asubuhi, akafariki.

Sasa mstari wa baba mdogo, kwamba aliugua kwa muda mfupi, unaomwachia kila mtu ajibunie sababu. Juzi walikuja msibani wagonjwa wanne wa ule utafiti, wakasema kama dawa imemuua mpimaji wake, wao ni nani, na wawili wakakiri kwamba wameshaitupa. Ndugu zangu, ninyi hamkumwona kaka yangu bila dawa, mimi nilimwona. Dawa ilimpa miaka mingi ya kazi, na binti anayesomea uuguzi. Kilichomuua ni mimi kubadilisha chungu na kunyamaza, kisha kumlazimisha kumeza akiwa anaharisha, damu haijapimwa. Mama, wewe huna kosa, ulikula ulichopewa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha figo ambao hawakukata tamaa kabla yetu, majirani walioleta mabenchi na maji bila kuombwa, na wenzake wa maabara, ambao wameniahidi kwamba kesho saa mbili asubuhi chumba chao kitakuwa wazi. Mlioitupa dawa, msiirudie wenyewe kimyakimya, njooni mpimwe, mje na anayewapikia, na mimi nitakuwepo kumweleza.

Kaka yangu, sikuombi msamaha hapa, kwa kuwa kila mtu atanijibu isipokuwa wewe. Pumzika kwa amani.