Mkono wa Mzee Abudu

Ndani ya teksi, basi dogo la abiria liendalo Wandegeya, mjane Alal alihesabu tembe za rozari huku akiwasikiliza majirani wawili waliokaa mbele yake.

"Picha ya ubongo imetoka safi, mzee Abudu. Basi ni pombe inayokutetemesha," alisema Aol, trei ya mayai mapajani.

"Safi maana yake si kiharusi wala uvimbe, mwanangu. Daktari kaupima mkono wenyewe: ukipumzika unacheza, ukipewa kazi unatulia. Ni Parkinson, ugonjwa wa neva. Pombe sijawahi kuionja."

"Walevi wote husema hivyo. Mtaa mzima nimeshauambia."

Teksi ikasimama. Aol alishindwa kushuka na mayai. Abudu akaipokea trei kwa mkono uleule. Ikatulia kama iko mezani. Alal akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Chini, Aol alirudishiwa trei, akayakagua mayai. Yote mazima.

"Sasa katangaze na hilo," alisema Abudu, mlango ukafungwa.