Mgomba Uliozikwa kwa Jina Langu

Sikilizeni wanangu, na wewe Evod zima hiyo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na kelele. Devota, nipandishe mto. Basi, hapo hapo.

Nyumba hii ni ya Devota, aliyeniogesha miaka yote hii. Shamba la Lumemo gawaneni sawa. Hayo ni mepesi. Zito ni lile nililosema miaka nenda rudi mkaniona nimechanganyikiwa: msisimame tena kanisani kusema kwamba mimi niliokolewa mikononi mwa mwizi.

Nilikuwa na miaka saba, niko peke yangu kwenye dungu naamia ndege wasile mpunga wa baba, mvuvi mmoja mwanamke, Sikitu, aliponipakia kwenye mtumbwi akapanda nami mto hadi kambini kwao. Aliniiba, sikatai. Huku nyumbani walinitafuta wakakata tamaa, wakauvisha mgomba sanda, wakauzika kwa jina langu, matanga yakaanuliwa. Lakini Sikitu alikuwa amezika watoto watatu. Mimi alinilisha kambale, yeye akalala na uji, na alipomzaa Rosemery alinifunga mtoto mgongoni nimbebe. Nikawa na mama wawili, mkubali msikubali.

Mwaka wa tano baba akasikia kwamba niko hai, akaja kambini na wanaume sita na kamba. Kamba ile walinifunga mimi, siyo Sikitu! Nikafungiwa ghalani mwezi mzima nisitoroke, na watu wanapita mlangoni wakimshukuru Mungu. Sikitu akaja kwa miguu, ameniletea shuka langu, wakamfukuza kwa fimbo. Nilimwona kwenye tundu la ukuta. Sikumwona tena.

Sasa Rosemery, mtoto niliyembeba, amekuja hapa mara mbili kutoka Masagati, mzee wa watu na mkongojo wake, na wewe Evod ukamwambia getini kwamba hatupokei ukoo wa mwizi. Ulinikata maini, mwanangu. Nimebembeleza, nimenuna, nimegoma kula, mkaitikia ndiyo mama, kisha geti mkalifunga. Nimechoka nanyi!

Kwa hiyo msinilaze kwenye lile kaburi la mgomba mlilolijengea marumaru. Nichimbieni jipya pembeni, na mtu asitupe udongo kabla ya Rosemery.

Mnatazamana. Mnajisemea, mama akishafumba macho tutafanya tutakavyo. Devota, maji... Asante. Ile hati ya shamba mnayoipekua sandukuni tangu Jumatatu, haimo. Anayo Rosemery. Katekista alimpelekea. Nimemwambia aje nayo mazikoni, na akikuta geti limefungwa, ageuze nayo.

Mungu awape... awape subira, mimi imeniishia. Mpendane. Evod, sogea. Lete kichwa nikushike. Nakupenda, mjinga wewe. Haya, nenda... kafungue geti.