Shahidi wa Gobore la Babu

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na mguu mmoja wa benchi umewekewa tofali. Mimi nashona viatu pembeni yake, kwa hiyo nasikia kila kitu, nitake nisitake. Kinyozi tunamwita Kipara, na ukimwona huulizi kwa nini. Katiba alikuwa karani wa mahakama. Kazi amestaafu, mdomo bado. Babu Gobore hukaa mwisho wa benchi na kusikiliza. Zamani alilinda mashamba ya mahindi dhidi ya nguruwe pori, na gobore la kazi hiyo bado analo kwa kibali. Asubuhi ile alikuja na shati lililopigwa pasi. Sheria mpya ya silaha ilikuwa imetoka: mwenye bunduki lazima awe na shahidi anayeijua nyumba yake, la sivyo bunduki inachukuliwa. Shahidi huyo angekuwa mkewe, na mkewe tulishamzika. Babu alikohoa, akasema ana shida na hii sheria. Hakumaliza. Katiba alishalidaka neno.

— Sheria gani mpya? Wakoloni walikuja na bunduki, si ndiyo? Walipokwisha kukaa vizuri, wakaandika kwamba mwenyeji asiwe nayo bila kibali. Hii ni ileile, imebadilishiwa koti.

— Umeanzia katikati, Kipara alisema huku akipuliza nywele kwenye mashine yake. Kabla yao, wafalme wetu wenyewe walizifungia bunduki zote ndani. Unajua kwa nini? Mashemeji.

— Mashemeji?

— Mfalme ana wake wengi. Kila mke ana kaka zake. Hebu wape wote bunduki.

— Ushahidi uko wapi?

— Wewe una shemeji?

— Ninaye.

— Ungempa bunduki?

Katiba alikunywa kahawa kwanza.

— Mimi langu dogo tu, Babu alisema. Afisa anapita hapa leo, sasa...

— Subiri Babu, Katiba alisema, tunakuja hukohuko kwako. Tulipojitawala tukafuta jina la mkoloni juu ya kibali, kibali chenyewe tukakiacha. Jiulizeni kwa nini.

— Nguruwe, Kipara alisema. Nguruwe wana watu wao serikalini. Tangu magobore yaanze kukaguliwa, nguruwe wamepungua au wameongezeka?

Na mimi sikutaka kubaki nyuma. Nikasema serikali ilikuwa inabana baruti ili ibaki ya kutosha kwa mizinga ya sherehe. Tulicheka. Halafu nikamgeukia Babu.

— Kwani hilo gobore lako bado linalia?

— Halijalia tangu nihamie mjini. Hata baruti sina.

— Sasa unaling'ang'ania la nini?

Babu alizungusha kikombe mkononi.

— Kila mwaka afisa wa silaha anakuja nyumbani kulikagua. Akikaribia kuja nafagia, nanunua na sukari, maana mimi mwenyewe situmii. Anakaa kwenye kiti cha mama watoto. Gobore analiangalia kidogo tu, halafu tunaongea. Mwaka jana tuliongea mpaka chai ikaisha. Watoto wako mbali, si mnajua.

Hatukuwa tunajua. Nikajifanya natafuta sindano. Kipara naye alianza kupangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

— Huo ukaguzi wa nyumbani, Katiba alisema, nao una historia yake.

Tukamshukuru moyoni, tukamfuata huko. Tulikuwa tumefika kwa mfalme aliyedai ushuru wa kila mlio wa bunduki, pale afisa alipotokea. Ni mama wa makamo, ana sare na begi la begani. Babu alisimama kabla hajafika.

— Shikamoo, mzee. Shahidi umempata?

Babu alitutazama. Tukanyoosha mikono wote watatu, wala hatukusita. Tumekunywa naye kahawa miaka na miaka, nani angekataa?

— Vizuri, namhitaji mmoja tu. Mimi nyumba ya mzee naijua; ninyi niambieni, ni ipi?

— Si ile ya kule chini? Kipara alisema.

— Chini wapi?

— Ukishapita... Katiba, wewe si unakaa upande ule?

— Mimi nakaa huku juu.

Afisa akanitazama mimi. Viatu vya Babu navijua, najua mpaka kisigino kinachoisha kwanza. Mlango wake siujui. Hata siku ya mazishi tulikutana makaburini, kisha kila mtu akarudi kazini kwake.

Afisa alifunga begi taratibu. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililoniuma.

— Basi mzee, itabidi nilichukue leo.

— Sawa, mwanangu. Twende. Chai ipo tayari kwenye chupa.

Alipiga hatua mbili tatu, akasimama.

— Ukishalichukua, mwakani utakuja?

— Kukagua nini tena, mzee?

Babu alitugeukia, labda tumsaidie kujibu. Katiba, mwenye jibu la kila sheria tangu dunia iumbwe, alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Kipara aliuliza kama kahawa ipo, akaambiwa imekwisha.

Wakaondoka pamoja, Babu akimwonyesha afisa mahali penye matope. Kwenye kona wakakata kushoto. Nilikuwa na kiatu cha mtu mkononi, na ndipo nilipojua kwamba Babu anakaa kushoto.