Mama Pasi na Siku Saba za Msiba

Wasikilizaji wapendwa, wekeni chini mlichoshika, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Pasi. Amefariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, nyumbani kwake. Narudia: Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri. Nasisitiza kwa sababu iko ofisi moja ambayo inasema alikufa miezi mitano kabla.

Mama Pasi alikuwa dobi. Miaka thelathini na minane alisimama nyuma ya meza ya mbao, pasi mkononi, akinyoosha mashati ya watu wa ofisini. Mumewe aliondoka mapema, akaenda wanakokwenda wanaume wa aina hiyo, wala hakuaga. Alimwachia mtoto mmoja tu. Mtoto huyo sasa ni mtu mzima, anashona kingo katika kiwanda cha magodoro, na wenzake wanamwita Fundi Kingo. Si mtu wa maneno mengi. Ukimsalimia asubuhi, jibu unalipata mchana.

Mwezi wa pili mwaka huu, Mama Pasi alipigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala: mkono, mguu, na nusu ya mdomo. Fundi Kingo alimaliza likizo yake yote ya mwaka kwenye benchi la hospitali. Siku ya kumruhusu mama, muuguzi akamweka pembeni.

"Dawa ni hizi, kaka. Lakini dawa kubwa ni wewe. Mgeuze kila baada ya saa mbili. Mnyooshe mkono na mguu, mara tatu kwa siku. Wiki hizi za mwanzo ndizo zitakazoamua kama atakaa au atalala moja kwa moja."

Kila baada ya saa mbili, wasikilizaji. Na zamu ya kiwandani ni ya saa tisa mfululizo. Jirani yao, mama mmoja mshonaji, alikubali kuchungulia mchana, naye ana cherehani na wateja wake. Jioni ya siku ya tatu Fundi Kingo alimgeuza mama yake, akakuta mgongoni kidonda cha ukubwa wa kifuniko cha chupa. Kutwa nzima alikuwa ameshona magodoro ya watu wengine walale vizuri. Siku hiyo alilia. Ameniambia mwenyewe, wala hakuona haya.

Kesho yake akaenda kwa afisa wa wafanyakazi. Huyu bwana kiwandani wanamwita Bwana Utaratibu. Ukutani kwake kuna bango: SISI NI FAMILIA MOJA. Mezani kuna feni, imeelekezwa kwake peke yake.

"Naomba siku chache nimuuguze mama."

"Siku za kuuguza hatuna."

"Hata bila mshahara?"

"Na kazi yako atafanya nani? Utaratibu ni utaratibu, bwana. Lakini usivunjike moyo. Upande wa misiba tuko vizuri sana. Mzazi akifariki, siku saba, mshahara kamili, na tunakuja wenyewe kukupa pole."

Mmesikia? Siku saba za kumzika mtu zipo. Za kumzuia asizikwe, hakuna hata moja. Na msidhani kanuni hiyo iliota yenyewe kama uyoga. Watu wazima, waliosoma, wenye tai shingoni, walikaa wakanywa chai, wakaipitisha. Hata mmoja hakukohoa.

Wafanyakazi nao si wajinga. Kiwanda kile kina watu mia mbili, na ukifungua mafaili, wameshazika wazazi mia tano. Cheti cha kifo wanapewa miezi sita kukileta, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kuuliza. Msimamizi wa zamu, mwanamke mwenye moyo, alimnong'oneza Fundi Kingo penye bomba la maji: "Usiwe mshamba, Kingo. Muue. Mimi baba yangu nilimuua mwaka juzi alipovunjika nyonga, na jana tu kanipigia simu kunigombeza."

Usiku ule Fundi Kingo alikaa kando ya kitanda, akamwambia mama yake kila kitu. Mama Pasi akacheka kwa nusu ya mdomo iliyobaki.

"Niue, mwanangu. Kama ni dhambi, marehemu ni mimi, na nimekusamehe."

Basi akamuua kwa karatasi. Akapewa siku saba. Wasikilizaji wapendwa, siku saba zile Fundi Kingo alifanya kazi kuliko alivyopata kufanya kiwandani. Alimgeuza kila baada ya saa mbili, kwa saa ya kengele. Alimwosha, akamkanda, akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Kidonda kikaanza kukauka. Siku ya nne Mama Pasi akakaa kitini.

Siku ya tano, ugeni ukabisha hodi. Bwana Utaratibu na wenzake wawili, wamekuja kutoa pole, na kreti mbili za soda.

Fundi Kingo jasho likamtoka. Marehemu ameketi pale sebuleni, amejifunika shuka, anawatazama. "Huyu... huyu ni mama mdogo," akasema. "Ndugu wa marehemu."

"Tulifanana sana," akadakia Mama Pasi.

Bwana Utaratibu akasimama kuhutubia. Kwamba kampuni imepoteza mzazi. Kwamba kampuni inathamini familia. Mama Pasi alimwacha amalize, maana alikuwa na adabu zake. Kisha akamuuliza: "Baba, dada yangu aliugua. Mlikuja kumwona?"

"Mama, unajua, kwa utaratibu wetu..."

"Ahaa. Mmemjua leo alipokufa. Haya, asanteni. Na hilo shati lako, baba, limepigwa pasi na mtu asiyekupenda. Marehemu angekuwepo angekunyooshea kola."

Jirani mshonaji ananiambia ilibidi akimbilie jikoni akacheke huko, ameuma kanga.

Fundi Kingo akarudi kazini na utepe mweusi begani. Mama Pasi akaendelea kupona. Mwezi wa nne alikuwa anatembea na mkongojo. Mwezi wa sita alikuwa anapiga pasi ameketi, kwa mkono wa kulia, na kugombana na wateja kwa mdomo mzima. Miezi mitano aliishi, na aliishi kwelikweli.

Kisha ikaja Jumanne iliyopita. Saa nne asubuhi, kiharusi cha pili. Tabibu wa zahanati alikuja, akatikisa kichwa, akasema mwiteni mwanawe. Kiwandani simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini wakati wa zamu, kwa hiyo jirani akapiga ofisini. Akapokea Bwana Utaratibu.

"Mwambieni Fundi Kingo mama yake amezidiwa. Aje haraka."

Bwana Utaratibu akafungua faili. "Mama yake alifariki mwezi wa pili," akasema. "Nilikuwepo msibani mimi mwenyewe." Akakata simu.

Jirani akatuma mtu mpaka getini. Mlinzi akauliza ofisini, ofisi ikajibu vilevile. Kutoka meza ya Bwana Utaratibu mpaka mashine ya Fundi Kingo ni hatua thelathini. Hakuinuka. Hakuuliza hata kwa mzaha.

"Nilimgeuza saa sita," anasema jirani. "Nilipotaka kumgeuza tena saa nane, akaniambia, acha, mama, niache hivihivi, nautazama mlango."

Saa tisa akafariki. Mwanawe alifika saa kumi na mbili jioni, zamu ilipoisha, amenunua ndizi mbivu kwa ajili yake.

Jumatano Fundi Kingo alikwenda ofisini, akasema kweli yote, akaomba ruhusa ya kuzika. Akajibiwa: "Utaratibu unaruhusu mama mmoja." Alhamisi akazika bila ruhusa. Ijumaa akaletewa barua. Ninayo hapa mkononi, ina mhuri. Inamtaka ajieleze kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwa nini mama yake alikuwa hai kuanzia mwezi wa pili hadi mwezi wa saba.

Aliniletea studio. Akasema: "Mimi kuandika sijui vizuri. Nijibie wewe, na watu wasikie. Kazi wakitaka wachukue."

Fundi Kingo, pole sana, ndugu yangu. Pole, mama mshonaji, uliyefanya kazi ya ukoo mzima. Na wewe unayesikiliza, mwenye kiwanda, mwenye duka, mwenye shule, ujiulize leo kabla ya kulala: watu wako wanakudanganya kuhusu vifo vya wazazi wao. Nani aliyewafundisha?

Sasa majibu ya barua. Bwana Utaratibu, chukua kalamu, nasema taratibu. Mama Pasi amefariki Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri. Kuanzia mwezi wa pili hadi mwezi wa saba alikuwa hai kwa sababu mwanawe alikaa naye nyumbani siku saba. Piga mhuri, uweke kwenye faili.