Msumari Uliosubiri Watu Elfu Hamsini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Punguza moto jikoni, mwambie huyo aliye karibu nawe anyamaze kidogo, maana leo tunamkumbuka mtu ambaye hakupenda kuimba huku watu wanapiga soga. Tunamkumbuka Mama Msumari. Mwimbaji. Binti wa fundi seremala. Mama wa mtoto mmoja wa kike, na shemeji wa bwana mmoja mkorofi ambaye tutamfikia. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, kwenye kiti chake, akiwa ameuelekea ukuta wa sebule.

Na ukuta huo ndio habari yenyewe. Wengi mlimwita Mama Msumari bila kujua jina hilo lilitoka wapi. Wengine mlidhani ni kwa sababu alikuwa mkali. Mkali alikuwa, sikatai. Lakini jina lilitoka kwenye msumari wa kweli, wa chuma, uliokaa mtupu ukutani kwake zaidi ya miaka thelathini.

Turudi nyuma. Enzi hizo muziki ulikuja kwenye kanda, na kanda ikikwama ulikuwa unairudisha kwa kalamu. Mama Msumari alirekodi albamu yake moja Jumapili alasiri, ndani ya ukumbi, watu wakiwa wamekaa kwenye viti vya mbao. Nyimbo zilikuwa ndefu, hazikuenea kwenye kanda moja. Lebo, yaani kampuni iliyomrekodi, ikatoa boksi lenye kanda mbili. Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa: boksi moja, kanda mbili.

Upande wa nne, katikati ya wimbo wa mwisho, kuna mtu anakohoa. Kikohozi kizito, cha kifua, wala hakikujificha. Fundi mitambo alitaka kukikata. Mama Msumari akamwekea mkono begani akamwambia, "Kiache. Huyo ni mtu, na amekuja."

Boksi likatoka. Likauzika, jamani, likauzika. Wakati ule kila wiki ofisi ya chati ilipigia simu maduka ya muziki na kuuliza, mmeuza nini na mmeuza ngapi. Si mmeletewa ngapi, mmeuza ngapi. Jumatatu orodha inatoka, wa kwanza mpaka wa ishirini, na sisi redioni tunaisoma. Boksi la Mama Msumari lilipanda mpaka nafasi ya nne, likang'ang'ania hapo.

Halafu siku moja lebo ikatangaza kwamba albamu imefika dhahabu. Kwa waliozaliwa juzi, niwaeleze. Dhahabu ilikuwa nakala elfu hamsini. Ukifika, unapewa ngao: santuri iliyopakwa rangi ya dhahabu, ndani ya fremu yenye kioo, na kibati chenye maneno. Si ya kuuza, si ya kula. Ni ya kutundika ukutani ili mgeni akiingia aulize.

Baba yake, yule fundi seremala, aliulizia vipimo vya fremu mapema. Asubuhi ya sherehe akapima ukuta wa sebule, akatia alama kwa penseli, akapigilia msumari wa inchi nne. Kisha akauning'inia, mzee mzima, miguu juu, kuona kama utahimili. Ukahimili. Akamwambia binti yake nenda kalete hicho kitu, akakaa chini kusubiri.

Sherehe ilikuwa ya kukata na shoka. Bosi wa lebo alivaa suti nyeupe na kucheka na kila mtu. Ofisi ya chati ilimtuma mfanyakazi wake mpya, msichana mwembamba mwenye miwani, ambaye tutamwita Dada wa Chati, maana hata leo na mvi zake bado tunamwita hivyo. Akapanda jukwaani, akasoma kwa fahari kwamba kwa kanuni za tuzo kila kanda huhesabiwa nakala moja. Boksi zilizouzwa ni elfu ishirini na saba. Kila boksi lina kanda mbili. Kwa hiyo ni nakala elfu hamsini na nne. Makofi!

Mama Msumari alikuwa ameshaishika ngao. Ameishika kwa mikono miwili, wapiga picha wamemzunguka. Akamgeukia yule msichana akamuuliza kama kwenye chati ya Jumatatu boksi nalo linahesabiwa mara mbili. Msichana, kwa kuwa hajui kudanganya, akasema hapana. Kwenye chati boksi ni moja. Kwenye tuzo ni mbili. Ndivyo kanuni zilivyo.

Mama Msumari akasema kwenye kipaza sauti, na ukumbi wote ukasikia: "Aliyenunua boksi ni mtu mmoja. Mimi naimbia watu, siimbii kanda."

Akaiweka ngao mezani, taratibu, ili kioo kisipasuke. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Jamani! Bosi wa lebo alimkimbilia mpaka ngazini akimweleza kwamba sheria inaruhusu, kwamba hakuna aliyeibiwa, kwamba wenzake wote wanachukua. Na alisema kweli. Hakukuwa na wizi. Lakini Mama Msumari alishasema lake, na akishasema lake hata umpake mafuta kwa mgongo wa chupa hageuki. Angeichukua siku watu elfu hamsini watakapoinunua. Watu, alisema, si vipande.

Alifika nyumbani mikono mitupu. Baba yake alikuwa bado amekaa chini ya msumari. Akaeleza yote. Mzee akamaliza chai yake kwanza, na binti wa Mama Msumari ananiambia mama yake hakuwahi kusubiri kikombe cha chai kiishe kwa hofu namna ile. Mwishowe mzee akasema: "Msumari nimeshaupiga. Kuung'oa ni kuharibu ukuta. Uache usubiri."

Hayo tu. Na alilipia, wasikilizaji wapendwa. Lebo ilikuwa imeshachapisha stika za dhahabu za kubandika kwenye boksi, zikatupwa. Bosi akanuna. Albamu ya pili iliyoahidiwa haikurekodiwa, na mkataba ukaachwa ufe wenyewe. Mwanamke yule akarudi kuimba kumbi ndogo na kufundisha wengine sauti sebuleni kwake, chini ya msumari mtupu. Watu walimcheka. Ndipo jina likazaliwa. Mgeni mmoja alitundika kofia yake pale, na alipotoka chooni akaikuta nje kwenye kizingiti.

Baba yake alifariki msumari ukiwa bado mtupu. Hilo lilimuuma mpaka mwisho, na alilisema wazi kwa yeyote aliyeuliza.

Miaka ikaenda. Lebo ikafungwa, haki za ile albamu zikarudi mikononi mwake. Kanda zikafa, zikaja CD. Albamu ikatolewa upya. Elfu thelathini. Elfu thelathini na sita. Polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mizigo. CD nazo zikafa, watu wakaanza kusikiliza kwenye simu. Siku moja akapigiwa simu na Dada wa Chati, ambaye sasa ndiye mkuu wa ofisi. Anapiga kwa furaha. Anasema siku hizi nyimbo zikisikilizwa mtandaoni mara kadhaa, zinahesabiwa sawa na albamu moja kuuzwa. Kwa hesabu hiyo mpya, mama, dhahabu umeshaipita zamani. Weka sahihi tu, maana ngao haitoki mpaka mwenye albamu aiombe.

Mama Msumari akauliza, je, kama kuna kijana mapenzi yamemshika, anasikiliza wimbo mmoja kutwa kucha, wiki nzima? Dada wa Chati akakiri kwamba kijana huyo peke yake anaweza kuwa albamu moja, hata mbili.

Akamwambia ampe pole huyo kijana, na sahihi hatoi.

Makubwa hayo! Bintiye alikaribia kulia. Bintiye ni mwalimu wa hesabu, kwa hiyo kubishana na namba ndiyo kazi yake. Akamwambia mama yake kwamba dunia nzima inahesabu hivi. Mama akamjibu kwamba dunia haina msumari sebuleni kwake.

Halafu maradhi yakamlaza. Moyo, madaktari walisema, umechoka. Wakati huo albamu ilikuwa imetolewa tena kwa santuri, maana vijana wamezirudia santuri, na hesabu ilisimama elfu arobaini na tisa na mia saba na kitu. Zimebaki chini ya mia tatu. Fikiria mwenyewe. Mtu amesubiri maisha yake yote, zimebaki chini ya mia tatu, na moyo unamzimikia.

Ndugu wakakutana jikoni wakinong'ona. Wazo lilikuwa jepesi: tuchangishane, tununue zilizobaki, mama apate ngao yake tumalize. Na hili si jambo geni kwenye biashara hii. Kuna lebo zilizowahi kujinunulia albamu zao wenyewe ili zipande chati, kila mtu anajua. Lakini Mama Msumari alikuwa na masikio. Akawaita wote mbele ya kiti chake akawaapisha, mmoja mmoja. Bintiye akamuuliza, "Mama, na ukiondoka kabla?"

"Basi nitaondoka na elfu arobaini na tisa walio wa kweli. Si haba, mwanangu."

Wote walikula kiapo. Shemeji naye alikula kiapo, kisha akaenda mjini akanunua tatu. Nilisema tutamfikia. Alizificha chini ya kitanda, lakini akashindwa kuficha mdomo. Mama Msumari aliposikia, mgonjwa vile, alishika simu akampigia Dada wa Chati. Akamwambia atoe tatu. Dada wa Chati akamkumbusha kwamba wapo wengine wengi walionunua kanda, halafu CD, na hao hawatolewi. Naye akajibu neno ambalo ofisi ile wanalikumbuka mpaka leo:

"Anayerudia kwa mapenzi, mwacheni. Anayerudia kwa huruma, mtoeni."

Zikatolewa. Albamu ikarudi nyuma nakala tatu. Shemeji hakusemeshwa siku kadhaa, na chai aliwekewa bila sukari.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, hapa mnaingia nyinyi. Kaeni vizuri.

Bintiye alikuja hapa studio. Alitaka tuwatangazie kwamba zimebaki kidogo, mkanunue. Kabla hajamaliza kueleza, simu yangu ikalia. Alikuwa mama yake. Aliniambia nikiwaomba mumhurumie, atazima redio yetu na hataiwasha tena. Kwa hiyo sikusema. Siku ile tulicheza upande wa nne, wote, bila neno, bila kumtaja hata jina kabla. Mkasikia wimbo wa mwisho. Mkasikia kikohozi.

Na mkapiga simu! Mnakumbuka? Simu hazikushikika. Huyu anauliza ni nani anaimba. Huyu anauliza nani anakohoa. Mama mmoja alisema anakijua kikohozi hicho, ni cha marehemu mume wake, na alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyewaambia mkanunue. Hamkujua chochote kuhusu msumari wala moyo uliochoka. Mlisikia, mkapenda, mkaenda madukani. Mmoja mmoja.

Wiki haikuisha vizuri, Dada wa Chati akapanda ngazi za nyumba ile na fremu chini ya kwapa. Ilikuwa ngao ileile ya zamani. Ofisi yake ilikuwa imeitunza miaka yote hiyo, imefungwa kwa gazeti. Kibati tu ndicho kilichobadilishwa. Alisimama mbele ya kiti akihema. Mama Msumari hakuitazama ngao kwanza. Alimtazama yeye.

"Ni watu?"

"Ni watu, mama. Elfu hamsini na kumi na mmoja. Na shemeji simhesabu."

Hapo ndipo alipotoa sahihi. Bintiye akapanda kiti akaitundika. Aliogopa, anasema, msumari mkuukuu, kutu imeushika, fremu nzito. Mama yake akamwambia aachie mikono, maana babu aliuning'inia mwenyewe. Akaachia. Msumari haukutikisika hata kidogo. Watu wote wakapiga vigelegele mpaka jirani wa juu akashuka kuuliza kuna nini. Mama Msumari akasema fremu imeinama kushoto. Ikarekebishwa. Akasema sasa imeinama kulia. Ikarekebishwa tena. Kisha akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema baba, umeona?

Na akatoa ruhusa rasmi: kuanzia siku ile, ndugu wanaweza kununua. Shemeji alikuwa wa kwanza mlangoni.

Aliishi nayo ukutani mpaka mwisho wake. Kila asubuhi aliketi akaitazama. Alishinda, wasikilizaji wapendwa. Sitaki mtu aniambie leo ni siku ya huzuni tupu. Nina huzuni, ndiyo, na sauti yangu mnaisikia. Lakini yule mwanamke alishinda, kwa hesabu yake mwenyewe, na akaona kwa macho yake.

Kwa bintiye, kwa shemeji, kwa wanafunzi wake wote wa sauti: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi, na Mungu amlaze pema. Nasi tuliobaki tujiulize jambo dogo. Leo kila mtu anatutajia idadi. Waliotazama, waliofuata, waliopenda. Ukitajiwa yako, uliza kama alivyouliza yeye: ni watu?

Na wewe uliyekwenda dukani wiki ile, pengine umekaa sasa hivi na santuri hiyo mapajani, hujui kwamba kuna mtu alikuwa anakusubiri zaidi ya miaka thelathini. Ulikuwa wewe. Alikuhesabu mara moja tu, na alikushukuru. Huu hapa upande wa nne. Kikohozi tumekiacha.