Aliyekwenda Kupumzika

Basi la kutoka Tanga lilikuwa limeshapita Segera. Mwanaisha alikuwa amejifunika kanga akijifanya kalala, lakini hakupitwa na neno hata moja la kiti cha mbele.

Baada ya shikamoo na marahaba, mzee mwenye baraghashia alimsikia jirani yake wa kiti, Simaloi, mama wa Kimasai wa Handeni, akisema ametoka Pangani. "Pole na msiba, mama," akamwambia.

"Sina msiba, mzee wangu. Nilikwenda kupumzika."

"Kupumzika? Kwetu Kwashemshi mtu akipumzika tunatafuta sanda."

Mwanaisha aliuma kanga asicheke. Yeye bahari kaiona mara nne, zote kwa mazishi.

Simaloi hakukasirika. Alieleza kuwa kijiji alichofikia kiko kwenye rasi, maji pande tatu, kimya hadi unasikia kaa wakitembea. "Siku tano nimekaa kivulini tu. Bahari inaondoka, inarudi yenyewe kama ng'ombe, na hakuna anayeichunga!"

"Na ng'ombe wako nani anakamua?"

"Mume wangu."

"Mwanamume wa Kimasai kakamata kibuyu cha maziwa? Basi msiba upo, mama."

Simaloi alicheka tu. Mzee akayatazama mashamba ya mkonge hadi basi liliposimama stendi ya Korogwe. Akabeba furushi lake, akapiga hatua mbili, akarudi na kuinama kama anayeuliza dawa ya siri.

"Mama, huko rasini, mzee kama mimi anaweza kupumzika, halafu akarudi?"